Polisi wakigonga mlango saa tisa usiku, ni lazima ufungue?

Ilikuwa saa tisa usiku na mtaa mzima umelala. Kishindo cha kwanza nilidhani ni nazi imeanguka juu ya mabati. Cha pili kikaniinua kitandani. Nilichungulia dirishani nikaona tochi, wanaume sita au saba, wengine wamevaa sare na wengine nguo za kawaida, wamesimama mbele ya nyumba ya jirani yangu. Mlango wake ulikuwa umeshalala chini.

Jirani huyu ni mama wa makamo, muuza viazi karai na bajia, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaa. Waliokuja walikuwa wakimtafuta mwanawe. Kijana hakuwepo, alikuwa Malindi kwenye kazi ya ujenzi. Walipekua vyumba vyote viwili, wakageuza magodoro, wakamwaga nguo, kisha wakaondoka. Kulipokucha mama aligundua kwamba simu yake haipo, na kibweta kilichokuwa na Sh32,000 za chama hakipo pia.

Alikuja kwangu asubuhi, leso bado iko kichwani. "Mwanangu, wewe hushinda na makaratasi. Hawa watu wana ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mtu vile?"

Nilimpa jibu ambalo sisi watu wa Pwani tumezoea kupeana: "Mama, hiyo ni serikali. Utaifanya nini?"

Alikwenda kituoni peke yake. Aliulizwa: walikuwa maafisa wa kituo gani? Majina yao? Walikuonyesha karatasi gani? Kuna orodha ya vitu walivyochukua? Hakuwa na jibu hata moja, akarudi nyumbani. Pesa za wenzake alizilipa kidogo kidogo, bajia kwa bajia, kwa miezi mingi.

Mimi si wakili. Lakini jibu lile lilinikaa kooni, nikaanza kusoma Katiba na sheria zenyewe na kuwauliza mawakili pale nisipoelewa. Nimegundua kwamba barazani tunabishana pande mbili, na pande zote mbili zimekosea. Wako wanaosema polisi hawezi kuingia nyumbani bila karatasi ya korti hata kidogo. Wako wanaosema polisi anaingia anapotaka. Sheria ya Kenya haisemi hilo wala lile.

Katiba inaanzia kwako

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Kinataja wazi kwamba haki hiyo ni pamoja na kutopekuliwa mwili wako, nyumba yako au mali yako, na kutochukuliwa vitu vyako. Hakisemi kila raia, kinasema kila mtu. Mpangaji wa chumba kimoja ana haki hiyo sawa na mwenye jumba la Nyali, na mgeni asiye na kitambulisho cha Kenya anayo pia.

Lakini haki hii inaweza kupunguzwa. Kifungu cha 24 kinasema haki hupunguzwa kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachofaa katika jamii huru. Kwa hivyo anayetaka kuingia ndiye anayetakiwa kuonyesha ni sheria gani imempa ruhusa. Kazi hiyo si yako wewe uliyelala kwako.

Waranti ya upekuzi ni kitu gani?

Njia ya kawaida ya kuingia ni waranti ya upekuzi. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaeleza inavyopatikana. Afisa huenda mbele ya hakimu, anaapa, na anaeleza kwa nini anashuku kwamba mahali fulani pana kitu kilichohusika na uhalifu au kinachohitajika kwa uchunguzi. Hakimu akiridhika, anatoa ruhusa kwa maandishi.

Waranti hiyo huwa ya mahali fulani na ya kitu fulani. Hapa kuna jambo la kuangalia kwetu sisi tunaoishi katika nyumba za Kiswahili, ambapo ukumbi ni mmoja na vyumba sita vina wapangaji sita. Soma imetaja nyumba gani na chumba gani. Soma inatafuta nini. Ikiwa wanatafuta televisheni ya wizi, hakuna sababu ya kufungua kopo la sukari. Soma jina la korti, tarehe, na sahihi ya hakimu.

Kisha kuna suala la saa, na hili wengi hatulijui. Kifungu cha 119 kinasema waranti inaweza kutumika siku yoyote, hata Jumapili, lakini kati ya jua kuchomoza na jua kutua. Kama polisi wanataka kuja usiku, ni lazima korti iwe imewaruhusu ndani ya waranti yenyewe. Kwa lugha ya mtaani, baada ya magharibi hadi kuche, waranti ya kawaida haitoshi. Karatasi iwe imesema kwamba inaweza kutumika saa yoyote. Ukiletewa waranti saa tisa usiku, neno hilo ndilo la kwanza kutafuta.

Waranti ikiwa sawa, basi fungua. Kifungu cha 120 kinakutaka umruhusu afisa kuingia na kutoka akishakuonyesha waranti. Ukikataa, sheria inamruhusu kuvunja. Mlango wa mninga ni gharama, na hasara itakuwa yako.

Pale wanapoweza kuingia bila waranti ya upekuzi

Hapa ndipo wale wa "hakuna karatasi, hakuna kuingia" wanapojikwaa. Ziko hali nne za kuzijua.

Ya kwanza ni kumkamata mtu. Kifungu cha 22 cha sheria ile ile kinasema ikiwa afisa ana waranti ya kukamata, au ana mamlaka ya kukamata, na ana sababu ya kuamini kwamba anayetafutwa yumo ndani, mkazi anatakiwa amfungulie. Kuvunja mlango kunaruhusiwa, lakini kwa masharti: afisa ajitambulishe, aseme amekuja kwa ajili gani, aombe kufunguliwa, na iwe hakuna njia nyingine ya kuingia. Kama hana waranti ya kukamata, hali iwe ni ya haraka, kwamba akienda kuitafuta mtu atapata nafasi ya kutoroka. Na kumbuka, anayetafuta mtu anatafuta mtu. Kijana wa miaka ishirini haingii ndani ya kibweta.

Ya pili ni uchunguzi usioweza kusubiri. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinamruhusu mkuu wa kituo, au afisa anayechunguza kosa, kuingia bila waranti ikiwa ana sababu za kuamini kwamba kungoja waranti kutaharibu sana uchunguzi wake. Mlango huu ni mpana, na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Lakini una vizingiti. Kabla ya kuingia, afisa anatakiwa aandike sababu zake na aeleze kitu anachokitafuta kadiri anavyokijua. Awe na cheti chake cha uteuzi, yaani kitambulisho chake cha kazi, na akuonyeshe ukimwomba. Akichukua kitu, aandike papo hapo maelezo ya kitu hicho, na akipeleke mbele ya hakimu bila kuchelewa.

Ya tatu ni hatari. Mtu akipiga mayowe ndani kwamba anauawa, hakuna anayetarajia polisi wakae nje wakimsubiri hakimu aamke.

Ya nne ni wewe mwenyewe. Sisi ni watu wa "karibu". Mtu akibisha hodi tunamjibu karibu kabla hatujamwona uso. Afisa akiuliza, "Tunaweza kuingia tuangalie kidogo?" nawe ukajibu, "Karibuni, hakuna shida," kesho anaweza kuieleza korti kwamba mwenye nyumba aliridhia. Adabu yetu ni nzuri, lakini hapa chunga ulimi. Unaweza kusema kwa upole: "Afande, sikatai sheria, lakini sijatoa ruhusa. Naomba nione waranti au nielezwe mnaingia kwa sheria gani."

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu ugaidi, kwa sababu huku kwetu neno hilo limevunja milango mingi. Ni kweli kwamba Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inaruhusu haki ya faragha ipunguzwe katika uchunguzi wa makosa hayo. Lakini sheria hiyo yenyewe inasema kupunguza huko kuko chini ya Kifungu cha 24 cha Katiba. Na kuna haki ambayo Kifungu cha 25 kinasema haipunguzwi kwa lolote: kutoteswa na kutotendewa unyama. Upekuzi uwe wa waranti au usiwe, wa ugaidi au wa kuku, hakuna sheria inayoruhusu kupiga watu ndani ya nyumba.

Wakiwa mlangoni, ufanye nini?

La kwanza, usipigane wala usifunge njia kwa mwili wako. Hata ukiwa na hakika kwamba upekuzi si halali, kizingitini si korti. Kumzuia afisa kazini ni kosa, na ugomvi wa usiku huisha vibaya. Sema kwa mdomo kwamba hukubali, halafu shuhudia.

La pili, uliza wao ni nani na wametoka kituo gani. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina lake au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wakati wote. Kwa wasiovaa sare, omba kitambulisho cha kazi. Jihadhari, kwa sababu majambazi nao hujiita polisi. Ukiwa na shaka, piga simu kituo cha karibu uulize kama wametuma maafisa.

La tatu, amsha majirani. Mshahidi mmoja aliyesimama kimya barazani ana thamani kuliko watu kumi wanaochungulia madirishani. Nasema haya nikijua nilikuwa nani usiku ule. Nilikuwa dirishani, na taa nilizima.

La nne, omba kuwepo kila chumba kinapopekuliwa. Usiwaache maafisa watatu katika vyumba vitatu na wewe uko ukumbini. Waombe wapekue chumba kimoja kimoja, mbele yako. Hili linakulinda dhidi ya kitu kupotea, na dhidi ya kitu kuongezeka.

La tano, mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema hivyo, na kinataka heshima izingatiwe kikamilifu. Kama hawakuja na afisa wa kike, mama zetu na dada zetu hawaguswi mwilini. Waombe pia wanawake wapewe nafasi ya kujisitiri kabla chumba hakijaingiliwa. Afisa mwenye adabu hatakataa.

La sita, simu. Mawasiliano yako nayo yanalindwa na Kifungu cha 31, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaweka njia ya polisi kwenda kortini kuomba waranti ya kupekua data iliyohifadhiwa. Kwa hivyo mtu kuingia nyumbani mwako si sababu tosha ya kuanza kusoma jumbe zako za WhatsApp.

Na wakimkamata mtu, Kifungu cha 49 kinaanza kufanya kazi hapo hapo. Aelezwe kwa nini anakamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Anatakiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi wa korti. Uliza anapelekwa kituo gani kabla gari haijaondoka.

Usiwaache waondoke bila maandishi

Ukiangalia yote niliyoeleza, utaona kitu kimoja kinachojirudia. Waranti ni maandishi. Sababu za kuingia bila waranti ni maandishi. Rekodi ya kilichochukuliwa ni maandishi. Upekuzi wa halali unatakiwa uache karatasi nyuma yake. Usioacha karatasi ndio wa kuutilia shaka.

Kwa hivyo kabla hawajaondoka, omba orodha ya vitu walivyochukua. Isome. Kama wamechukua simu, iandikwe ni simu ya aina gani. Kama ni pesa, zihesabiwe mbele yako na kiasi kiandikwe. Usitie sahihi karatasi tupu, wala orodha yenye kitu ambacho hakikutoka kwako. Piga picha orodha hiyo ikiwezekana, au inakili kwa mkono. Sheria inataka vitu vilivyochukuliwa vipelekwe kortini na vitunzwe. Vikikosekana kwenye orodha, itakuwa neno lako dhidi ya lao.

Wakikataa kuandika, andika wewe, usiku huo huo, kabla ya kulala. Saa waliyoingia, saa waliyotoka, idadi yao, majina au nambari ulizoziona, nambari ya gari, walichosema, walichochukua, walichovunja, na majirani walioona. Piga picha mlango uliovunjwa kabla fundi hajaugusa.

Sheria ikivunjwa

Asubuhi nenda kituo cha polisi, usiende peke yako, na hakikisha lalamiko lako limeandikwa kwenye kitabu cha matukio. Usiondoke bila nambari ya OB. Ukihofia kituo hicho, nenda kingine.

Unaweza pia kupeleka lalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuchunguza maafisa wanaokiuka sheria. Ina ofisi hapa Mombasa. Mashirika kama MUHURI, Haki Africa na Kituo cha Sheria yamewahudumia wakazi wa Pwani kwa miaka mingi, na unaweza kuwaendea ukaomba ushauri.

Njia ya korti pia ipo. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kudai kwamba haki yako imevunjwa, na kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Kifungu cha 23 kinaipa korti uwezo wa kuamuru ulipwe fidia. Na kama wewe ndiye mshtakiwa, mwambie wakili wako kuhusu Kifungu cha 50(4), kinachosema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa ikiwa kuutumia kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Angalia vizuri, hautupwi moja kwa moja. Hakimu ataupima. Na ataupima kwa kutumia nini? Yale uliyoyaandika usiku ule.

Zaidi ya mwaka baada ya kisa cha jirani yangu, maafisa walikuja tena mtaani, saa nne asubuhi, nyumba nyingine. Safari hii sikukaa dirishani. Nilitoka nikaketi barazani na wazee wawili. Maafisa walikuwa na waranti, wakaisoma kwa sauti, wakatafuta vipuri vya pikipiki, wakachukua vitu vinne, wakaandika vinne. Mmoja wao alitupa ile karatasi tuangalie, akasema, "Andikeni majina yenu hapo kama mashahidi. Hii inanilinda hata mimi, kesho msije mkasema nimeiba."

Yule mama wa viazi karai alikuwa amesimama kwenye mlango wake mpya, akitazama. Hakusema neno. Jioni alinitumia sahani ya bajia na ujumbe kupitia kwa mjukuu wake: nimwandikie yale maswali ya kumuuliza polisi kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, ayabandike nyuma ya mlango.

Nilimwandikia manne. Wewe ni nani? Waranti iko wapi, na kama hakuna, unaingia kwa sheria gani? Unatafuta nini? Umechukua nini, na umekiandika wapi? Yako pale hadi leo, chini ya kalenda.